Jina la mpinzani katika viganja

Julai 22, 2019, katika jiji la Gwangju, Korea Kusini, wanawake wanane walipanda juu ya vibao vya kuanzia ili kuogelea mita 100 kwa mtindo wa kipepeo. Ilikuwa fainali ya mashindano ya dunia. Kabla dakika moja haijatimia, mabingwa watatu walikuwa wamekwisha kujulikana, na watazamaji wangeweza kwenda zao nyumbani. Mambo ninayotaka tuyatafakari Jumapili hii, ndugu wasomaji, yalitokea baada ya hapo, wakati maji yalipokwisha kutulia.

Lakini kwanza niuseme mtindo wenyewe, maana wengi wetu tulijifunza kuogelea mtoni au ziwani, na huko mtu hutupa mkono mmoja baada ya mwingine huku miguu ikijipigia inavyotaka. Kipepeo hairuhusu hivyo. Mikono yote miwili hutoka majini kwa pamoja, hurushwa mbele kwa pamoja, na kuzama kwa pamoja. Miguu nayo hupiga kwa pamoja, kama mkia wa samaki. Muogeleaji anapofika ukutani sharti aguse kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, la sivyo anaondolewa. Mtindo huu ulizaliwa miaka ya 1930 kutokana na ujanja. Waogeleaji wa mtindo wa chura waligundua kwamba sheria haiwakatazi kuirudisha mikono mbele kwa kuipitisha juu ya maji. Walipoufanya mno ujanja huo, wakubwa wa mchezo wakaamua mwaka 1952 kuutenga uwe mtindo wa kujitegemea, na mwaka 1956 ukaingia katika Olimpiki ya Melbourne. Wanaoujua wanasema ni mtindo unaochosha kuliko yote. Mita 50 za kwanza unaruka. Mita 15 za mwisho mikono inakuwa mizito kana kwamba mtu amekuvalisha koti lililolowa.

Siku ile Gwangju aliyetazamiwa kushinda alikuwa Sarah Sjöström wa Sweden. Alikuwa amelitwaa taji hilo la dunia mara nne, mara ya kwanza mwaka 2009 mjini Roma akiwa binti wa miaka 15, na rekodi ya dunia ilikuwa yake. Aliongoza kwa sehemu kubwa ya safari. Katika mita za mwisho akapitwa na msichana wa Kanada wa miaka 19, Maggie MacNeil, ambaye alikuwa hajawahi kuwa bingwa wa dunia. MacNeil aligusa ukuta kwa sekunde 55.83, Sjöström 56.22, na Emma McKeon wa Australia akawa wa tatu kwa 56.61.

Fikirini hali ya jukwaa la washindi baada ya matokeo kama hayo. Mmoja ameshinda bila kutarajiwa, mwingine amevuliwa taji mbele ya dunia nzima, wa tatu amepata shaba. Kila mmoja ana sababu ya kujifikiria mwenyewe. Wakasimama, wakavikwa medali, kisha wakainua mikono na kuigeuza viganja vielekee kwenye kamera. Katika viganja walikuwa wameandika kwa kalamu jina la mtu ambaye hakuwapo: Rikako Ikee. Wakachora na mioyo midogo, na kumwandikia asikate tamaa kamwe.

Rikako Ikee ni Mjapani, aliyezaliwa Julai 4, 2000. Mwaka 2018, katika Michezo ya Asia mjini Jakarta, alitwaa medali sita za dhahabu na kuwa mwanamke wa kwanza kutajwa mchezaji bora wa michezo hiyo. Mwezi huohuo wa Agosti, Tokyo, aliogelea mita 100 za kipepeo kwa sekunde 56.08, muda bora kuliko wa mwanamke yeyote duniani mwaka ule. Olimpiki ya 2020 ilikuwa imepangwa kufanyika mjini kwake, Tokyo, na picha yake ilikuwa kila mahali. Februari 2019, akiwa kambini Australia, akaanza kujisikia vibaya. Akarudishwa nyumbani, akapimwa, na Februari 12 akatangaza mwenyewe kwamba ana saratani ya damu. Alikuwa na miaka 18.

Sasa naomba tupige hesabu kidogo. Muda wake wa mwaka uliotangulia ni 56.08. Muda wa Sjöström pale Gwangju ni 56.22. Wa McKeon ni 56.61. Kwa hesabu za karatasi, kama Ikee angekuwa mzima siku ile, Sjöström angeondoka na shaba na McKeon angeondoka mikono mitupu. Sisemi ndivyo ambavyo ingekuwa. Majini hakuna anayeogelea kwa karatasi. Lakini wanamichezo wa kiwango kile huzijua nyakati za wapinzani wao kama mama lishe anavyojua bei ya mchele. Walijua fika ni nani aliyekosekana katika mistari ile minane, na walijua kukosekana kwake kumewafaa nini. Wakaliandika jina lake katika mikono ileile iliyowapa medali.

Nimesoma mahubiri mengi yanayotumia michezo. Mtume Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho juu ya wakimbiaji na taji linaloharibika, na tangu hapo sisi mapadre tumekuwa tukikimbia naye. Tunapenda kusema juu ya nidhamu, mazoezi, kujinyima. Ni sawa kabisa. Ila mara chache tunasema juu ya mtu aliye mstari wa pili, yule tunayeshindana naye. Tunahubiri kana kwamba mkimbiaji wa Paulo yuko peke yake uwanjani.

Habari ya ugonjwa wa Ikee ilipotangazwa, waziri wa Japani aliyekuwa na dhamana ya Olimpiki wakati ule alisema mbele ya waandishi kwamba ameumia moyo, kwa kuwa huyu alikuwa tegemeo la medali. Watu wakamjia juu, akaomba radhi. Mimi sitaki kumpiga mawe. Nadhani alisema kwa sauti jambo ambalo wengi wetu hulisema kimoyomoyo. Mfanyakazi hodari akiugua, bosi anauliza nani atafunga hesabu za mwezi. Mwimbaji wa sauti ya kwanza akilazwa, mwalimu wa kwaya anawaza Pasaka itakuwaje. Kwanza tunaiona nafasi iliyobaki wazi. Mtu mwenyewe tunamkumbuka baadaye.

Huyo ni mtu wa upande wetu. Mpinzani je? Hapa tusifichane. Ninyi mnayajua mashindano ya kwaya ngazi ya dekania. Zikija habari kwamba mpiga kinanda wa kigango jirani ameugua, kuna wanaosema pole kwa midomo huku macho yakimeta. Mwenye duka la nguo akifunga kwa sababu ya figo, jirani yake anaagiza mzigo mkubwa zaidi. Mtoto anayeongoza darasani akikosa mtihani kwa malaria, kuna mzazi anayemwambia mwanawe kwamba Mungu amemfungulia njia. Na ninyi mmewahi kusikia shuhuda za namna hiyo makanisani, mtu akisimama kushukuru kwamba adui zake wameanguka, na waamini wakapiga makofi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino aliieleza husuda kwa namna ambayo tuliikariri seminari na ambayo sijapata iliyo bora zaidi: ni huzuni juu ya jema la mwenzako, kwa kuliona jema lake kana kwamba linapunguza utukufu wako. Angalieni neno hilo, kupunguza. Katika mashindano ya kuogelea linapunguza kweli. Dhahabu ni moja. Kwa hiyo kama kuna mahali ambapo husuda ingepaswa kusamehewa kidogo, ni pale bwawani. Hoja ya wale wanawake watatu inakuwa nzito zaidi kwa sababu hiyo. Hawakuwa marafiki wa sokoni ambao mmoja anauza nyanya na mwingine vitunguu.

Mtakatifu Yohane Krisostomo, akiwahubiria watu juu ya barua kwa Warumi, pale Paulo anapotaka tufurahi na wanaofurahi na tulie na wanaolia, aliona jambo ambalo mtu wa kijijini angeliona mara moja. Alisema kulia na anayelia si kazi ngumu sana. Hata asili yetu inatusukuma, maana ni nani asiyeguswa na msiba? Kufurahi na aliyefanikiwa ndiko kunakohitaji roho kubwa, kwa sababu hapo husuda inasimama mlangoni. Nakubaliana naye. Kwenye misiba yetu tunajaa, tunachanga, tunapika, tunakesha. Kwenye sherehe ya jirani aliyejenga ghorofa, nyuso ni za aina nyingine.

Sasa unaweza kuniambia: Padre, basi wale wanawake walifanya lile lililo rahisi. Walilia na anayelia. Mpinzani mgonjwa hatishi tena mtu. Hoja hiyo ina nguvu, na ningekuwa mwanafunzi wa maadili ningeiandika pembeni mwa kitabu. Lakini yasomeni maneno yao. Hawakumwandikia pole. Walimwambia asikate tamaa, na kwa muogeleaji wa miaka 19 maana yake ni moja tu: urudi. Rudi bwawani utushindanie, na ikiwezekana utushinde. Huko ni kumwombea mpinzani apate nguvu zilezile zitakazokunyima medali. Hapo tumekwisha kuvuka kulia na anayelia.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli yupo kijana aliyefanya hivyo. Yonathani alikuwa mwana wa mfalme Sauli, na kiti kile kwa haki ya damu kilikuwa chake. Akaja mchunga kondoo aitwaye Daudi, na kila mtu mwenye macho aliona upepo unaelekea wapi. Sauli aliona, akashika mkuki. Yonathani aliona, akavua joho lake akampa Daudi, na upanga wake, na upinde wake, na mshipi wake. Sehemu hiyo tunaifahamu. Sehemu tunayoipita haraka iko mbele kidogo, katika sura ya 23. Daudi yuko mbioni, amejificha katika nyika ya Zifu, na Sauli anamtafuta kila siku. Kwa mrithi wa kiti, ulikuwa wakati mzuri wa kukaa kimya tu nyumbani na kuacha mambo yajimalize yenyewe. Yonathani akaondoka, akamwendea Daudi kule kichakani, akamtia nguvu. Kiebrania cha mahali hapo hakisemi tu kwamba alimtia moyo. Kinautaja mkono, kwamba aliutia nguvu mkono wake katika Mungu. Kisha akamwambia wazi kwamba Daudi ndiye atakayekuwa mfalme, na yeye Yonathani atakuwa wa pili wake. Hata huo u-pili hakuupata. Alikufa mlimani Gilboa pamoja na baba yake, na Daudi akamlilia.

Sjöström naye alikuwa wa pili siku ile. Sitaki kumfanya mtakatifu. Simjui, na wala sijui anasali wapi. Nasema tu kwamba Roho huvuma anakotaka, hata kwenye mabwawa yenye harufu ya klorini.

Na lipo jambo jingine la jukwaa hilohilo. Siku moja tu kabla, Julai 21, Mack Horton wa Australia alikuwa amekataa kupanda jukwaani pamoja na Sun Yang wa China, akipinga historia ya mwenzake katika suala la dawa zilizokatazwa. Siku moja baada ya fainali ya kina MacNeil, Duncan Scott wa Uingereza naye alikataa kumpa Sun mkono. Magazeti ya dunia yalijaa habari hizo mbili. Kupigania mchezo safi ni jambo la haki, na dhamiri ya mtu siingii. Lakini nimekuwa nikijiuliza kwa nini mkono uliokataliwa ulipata kurasa nyingi kuliko mikono iliyofunguliwa. Hata katika parokia ni hivyo: ugomvi wa halmashauri ya walei unajulikana mpaka vigango vya mbali, na mama anayefua nguo za mgonjwa asiye ndugu yake anajulikana na mgonjwa tu.

Wenye kusoma Maandiko, mikono ile itakuwa imewakumbusha Isaya sura ya 49. Sayuni analalamika kwamba Bwana amemsahau, na Mungu anajibu kwa picha ya mama na mtoto anyonyaye, kisha anaongeza kwamba amemchora Sayuni katika viganja vyake. Kiganja ni mahali pa ajabu pa kuandika. Daftari unaweza kulifunga ukaliweka kabatini. Kilichoandikwa kiganjani unakiona ukila, ukinawa, ukimsalimia mtu. Na Mkristo anajua kwamba jibu hilo la Isaya halikubaki kuwa picha tu. Viganja vya Mungu wetu vilichorwa kwa misumari, na Tomaso alialikwa kuvitazama.

Hapa lazima niseme neno juu ya ujumbe wenyewe, kwa sababu unaweza kumwumiza mgonjwa. Nimeutumia muda mwingi wa upadre wangu kwenye wodi, nikitoa mpako wa wagonjwa. Mama mmoja aliyekuwa na saratani aliniambia jambo ambalo sijalisahau: kwamba kila anayekuja kumwona anamwambia apambane, na yeye amechoka, na sasa anaogopa kwamba akifa watu watasema hakupambana. Alifariki baada ya wiki chache, akiwa amepokea Komunyo, akiwa ameshika rozari ya plastiki ya buluu. Hakukata tamaa yule. Tumaini la Kikristo halipimwi kwa vipimo vya damu. Wapo wahubiri siku hizi wanaomwambia mgonjwa kwamba akiamini vya kutosha atapona, na asipopona wanamwachia lawama aende nayo kaburini. Huo ni mzigo juu ya mzigo. Kwa hiyo ukienda kumwona mgonjwa, maneno hayo uyapime. Kwa Ikee yalifaa kwa sababu yalitoka kwa watu waliojua mwili wake unaweza nini, na kwa sababu hawakuyasema peke yake; waliyaambatanisha na jina lake. Mama yule hakuhitaji kuambiwa apambane. Alihitaji mtu wa kukaa.

Japani, baada ya Ikee kutangaza ugonjwa wake, watu wengi sana walijitokeza kuuliza namna ya kuchangia uboho kwa wagonjwa wa damu. Hilo nalo ni tunda, na huenda wamo walio hai leo kwa ajili yake.

Ikee alipandikizwa seli, akakaa hospitali karibu miezi kumi, akatoka Desemba 2019 akiwa amekonda sana. Machi 2020 aliingia tena majini. Michezo ya Tokyo ilipoahirishwa kwa sababu ya korona, mwaka mmoja ukaongezeka katika saa yake. Aprili 2021 alishinda mita 100 za kipepeo katika mashindano ya taifa ya Japani kwa sekunde 57.77. Muda huo ulimpa nafasi katika kikosi cha Olimpiki cha kupokezana vijiti, kama wanavyosema wa riadha, ingawa majini hakuna kijiti. Alilia mbele ya kamera. Mwezi uliofuata watu kadhaa walimwandikia mtandaoni wakimtaka ajiondoe au aipinge Michezo kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa ukienea. Akajibu kwa upole kwamba hana uwezo wa kubadili lolote, na kwamba kutakiwa hivyo kunamwumiza. Alikuwa na miaka 20.

Tokyo alifika fainali na wenzake, wakawa wa nane kati ya nane. Mita 100 za kipepeo za mwanamke mmoja mmoja alizishinda MacNeil. Macho yake hayaoni mbali, na ilimbidi akodoe sana kwenye ubao ili ajue ni yeye aliyeshinda. Wa pili, kwa tofauti ya nukta tano tu za mia za sekunde, alikuwa Zhang Yufei wa China.

Zhang ndiye aliyekuwa wa pili nyuma ya Ikee kule Jakarta mwaka 2018 katika mita hizo. Kati ya China na Japani kuna historia nzito, ya vita na damu, na watu wa pande zote mbili hawaisahau kwa urahisi. Septemba 2023 Michezo ya Asia ilifanyika Hangzhou, nyumbani kwa Wachina. Katika mita 50 za kipepeo, Zhang alitwaa dhahabu, Mchina mwenzake Yu Yiting akapata fedha, na Ikee akapata shaba. Zhang akamkumbatia Ikee, na wote wawili wakalia, huku uwanja mzima wa Wachina ukitazama bingwa wao akimlilia Mjapani aliyekuwa wa tatu. Mwenye dhahabu ndiye aliyelia zaidi.

Mwaka 2024 mjini Paris, Ikee aliogelea peke yake katika mita 100 za kipepeo, akaishia nusu fainali. Muda wake wa 56.08 wa mwaka 2018 hakuwa ameurudia. Hadithi hii haikumalizika kwa dhahabu, na naona ni vyema wasomaji walijue hilo, wasije wakanukuliwa kesho kwenye ushuhuda mahali fulani kwamba alipona na kuwashinda wote. Alipona, na anaendelea kuogelea. Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028 itakuwa na mita 50 za kipepeo kwa mara ya kwanza. Itakapoanza, Rikako Ikee atakuwa ametimiza miaka 28.